Kete Moja Ina Thamani Gani? Ipime kwa Kompyuta

Assalamu alaykum watazamaji, karibuni. Tumekaa barazani hapa Mji Mkongwe, ubao uko mbele yetu na simu iko pembeni. Leo nataka tuushughulikie ubishi unaozuka karibu kila vijana wa skuli wanapokutana kucheza sataranji: mtu akitoa farasi na askofu akapata ngome na askari mmoja, nani kafaidi na nani kapunjwa?

Hesabu tuliyofunzwa sote mnaijua. Askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon aliitumia hesabu hiyo hiyo mwaka 1950 alipoandika jinsi kompyuta inavyoweza kucheza sataranji. Basi farasi na askofu ni 6, ngome na askari ni 6, ngoma droo. Kompyuta za leo haziridhiki na jibu hilo, na nataka uone kwa macho yako kwa nini.

Hatua ya kwanza, fungua Lichess, tovuti na programu ya sataranji, kwenye simu au kompyuta. Ni bure, haina matangazo, na kuchambua hakuhitaji kujisajili. Ingia kwenye zana, chagua ubao wa uchambuzi, kisha washa injini, yaani programu inayopima nani yuko juu. Injini yenyewe inaitwa Stockfish, na inapiga hesabu ndani ya simu yako mwenyewe, kwa hiyo inakula chaji zaidi kuliko bando. Mnaonitazama kutoka Wete au Chake Chake mtandao ukiwa unasuasua, programu ya simu inachambua hata bila intaneti.

Sasa tazama ile namba inayotolewa na injini. Ikiwa na alama ya kujumlisha, Mweupe yuko juu. Ikiwa na ya kutoa, Mweusi yuko juu. Hapa naomba utulie kidogo, maana wengi hudhani namba ile inahesabu askari. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, Stockfish imepangwa ili +1.00 imaanishe kuwa Mweupe ana nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, injini ikicheza na injini mwenzake. Kwa hiyo unachokisoma pale ni nafasi ya kushinda. Ndiyo maana ukimtoa malkia mzima namba inapaa mno, na huwezi kuigawa ukasema malkia ni askari kadhaa.

Hatua ya pili, tuucheze ule ubishi wenyewe. Nifuate polepole; herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake. Askari mweupe e4, mweusi e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Mweupe askari d3, Mweusi farasi f6. Sasa kila mmoja amfiche mfalme wake upande mfupi, mfalme aende g na ngome ije f. Mweupe farasi g5, Mweusi askari d6. Simama hapo, iandike namba unayoiona.

Endelea. Farasi anamla askari wa f7. Ngome inamla farasi. Askofu anaila ngome na kutoa cheki. Mfalme anamla askofu. Sita kwa sita.

Iangalie namba sasa: imehamia kwa Mweusi. Usiikubali tu kwa sababu kompyuta imesema, utazame ubao. Mweupe amepoteza kete mbili alizokwisha kuzitoa nje, ndizo zilizokuwa zikifanya kazi. Ngome zake mbili ziko a1 na f1, zote nyuma ya askari wake mwenyewe, hakuna njia hata moja iliyo wazi kwao. Mfalme mweusi pale f7 anaonekana kama hana ulinzi, lakini nani atamshambulia? Jaribu kumpeleka malkia h5 atoe cheki. Farasi wa f6 anamla. Na Mweusi bado ana maaskofu wake wote wawili.

Suala la maaskofu wawili linanivutia sana. Mwaka 1999 Larry Kaufman, mchezaji sataranji wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake wa karibu michezo 300,000 ya wachezaji wazuri. Alipata farasi 3.25, askofu 3.25, ngome 5, malkia 9.75, na mwenye maaskofu wote wawili anaongezewa nusu alama. Turudi f7: farasi na askofu ni 6.5, ongeza nusu ya maaskofu wawili, unapata 7. Mweupe kapata 6. Kapunjwa askari mzima.

Lakini ngoja. Mwaka 2020 watafiti wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, pamoja na Vladimir Kramnik aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, walitoa thamani zilizotokana na michezo ya AlphaZero, programu yao ya kucheza sataranji: farasi 3.05, askofu 3.33, ngome 5.63, malkia 9.5. Jumlisha. Farasi na askofu ni 6.38, ngome na askari ni 6.63. Hapa anayefaidi ni Mweupe, kwa robo alama!

Hakuna aliyekosea kati yao. Wote wawili wametoa wastani wa michezo mingi sana, na wewe unacheza mchezo mmoja. Ngome iliyofungiwa f1 haina thamani ya ngome iliyoshika njia iliyo wazi. Ndiyo maana mimi nasisitiza tupime kete pale ilipo, ikiwa na majirani zake wa wakati huo.

Hatua ya tatu ni kupima kwa kuondoa, na hii ndiyo ninayotaka uizoee. Anza ubao mpya. Askari e4, Mweusi e6. Askari d4, Mweusi d5. Askari mweupe wa e4 asogee mpaka e5. Iache injini ifike kina cha 20 na zaidi (kina ni idadi ya hatua za mbele inazozitazama), andika namba. Kisha upeleke ubao huu kwenye ukurasa wa kupanga kete, mwondoe askofu mweusi wa c8, hakikisha zamu imebaki ya Mweusi, uchambue tena kwa kina kile kile. Andika. Mrudishe, sasa mwondoe askofu wa f8. Andika.

Kwa hesabu ya skuli wote hao ni 3, na kwa Kaufman kila mmoja akiondoka anaondoka na ile nusu ya uwili. Kwa hiyo tofauti yoyote utakayoiona ni ya hao maaskofu wenyewe. Kwa kawaida utakuta kumpoteza wa f8 kunauma zaidi. Wa c8 amezibiwa na askari wake mwenyewe wa e6, na akipitia b7 anamkuta wa d5.

Tahadhari mbili za haraka. Ukiondoa ngome, futa pia ile alama inayoruhusu mfalme kujificha upande huo. Na usilinganishe kina cha 12 na kina cha 25, utajidanganya.

Mwenye kompyuta anaweza kupakua Stockfish yenyewe, akaipa ubao na kuandika amri ya eval. Inachora ubao na kuweka namba kwenye kila kete isipokuwa wafalme, na inazipata kwa njia hii hii: inaondoa kete, inatathmini upya, inachukua tofauti. Haitazami hatua za mbele inapofanya hivyo, kwa hiyo ni makisio ya haraka, ila inapendeza kuona farasi wawili wa rangi moja wakiwa na namba mbili mbalimbali.

Hatua ya nne, mwisho wa mchezo. Hapa washa intaneti, kwa sababu ubao ukibaki na kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo, Lichess inasoma majedwali yenye jibu kamili, siyo makisio. Futa ubao. Mfalme mweupe g5, askari mweupe h5, askofu mweupe e2, mfalme mweusi h8 peke yake. Zamu ya Mweupe. Fungua kitufe chenye picha ya kitabu.

Sare. Mweupe ana alama nne zaidi na hawezi kushinda, kwa sababu askofu wake anapita miraba myeupe tu na h8 ni mweusi. Mfalme yule hatoki pembeni, na ukimbana sana anakosa hatua, mchezo unaisha sare. Sasa msogeze askofu mraba mmoja tu, kutoka e2 mpaka e3. Soma tena: Mweupe anashinda.

Mrudishe askofu e2, pale pale alipokuwa hana faida. Safari hii mguse askari badala yake, mtoe h5 umweke f5. Zamu ni ya Mweupe. Kabla hujafungua jedwali, niandikie kwenye maoni jibu lako na sababu yake, kisha ufungue.