Janjira: Ngome ya Waafrika Katika Bahari ya India

Hamjambo nyumbani? Upepo ni mkali huku juu, kwa hiyo nasogeza simu karibu na mdomo. Nimesimama juu ya ukuta wa Janjira, ngome iliyojengwa kisiwani, mbele ya mji wa Murud, kusini mwa Mumbai. Jina lake limetokana na jazira ya Kiarabu, yaani kisiwa. Sisi watu wa pwani neno hilo si geni kwetu.

Tumevuka kutoka kijiji cha Rajapuri kwa mashua ya tanga, na njia nzima nilikuwa natafuta mlango siuoni. Ni ukuta mweusi mtupu, unapanda kutoka majini. Mpaka mashua imeusogelea kabisa ndipo lango linajitokeza kati ya minara miwili. Hapo tena kuna kazi: wimbi linainua mashua, linaishusha, na wewe unasubiri ipande ndipo urukie ngazi. Mama mmoja mbele yangu ilibidi ashikwe mikono yote miwili. Nikawaza, askari mwenye silaha, anayepigwa mizinga kutoka juu, angeshukia wapi?

Na wengi walijaribu. Shivaji, yule mfalme shujaa wa Wamaratha, watu wa huku magharibi mwa India, aliishindwa. Mwanawe Sambhaji akaamuru mawe yamwagwe baharini, jeshi lipate njia ya kupita kwa miguu. Naye akashindwa.

Sasa sikilizeni, hili ndilo lililonileta. Waliokuwa humu ndani ni Masidi, watu wa asili ya Afrika. Waliitawala Janjira zaidi ya miaka 300, mpaka dola yao ilipoingizwa India huru mwaka 1948. Wakati huohuo wa mwanzo wao, bara huko alikuwepo Malik Ambar, mtoto wa Uhabeshi aliyeuzwa utumwani, akapita mikono ya mabwana kadhaa, na akaishia kuwa ndiye mwenye kauli katika usultani wa Ahmadnagar hadi alipofariki mwaka 1626. Shuleni nilisoma habari za minyororo na masoko ya watumwa, na ni kweli tupu. Ila hakuna aliyenisomea ukurasa huu, na nimeumia kuujua nikiwa mtu mzima.

Tazameni huu mzinga, Kalal Bangdi. Una zaidi ya tani 22. Nimeupapasa, chuma kimepata jua, kinachoma kiganja. Na pale chini, maji yale ya kijani ni birika la maji matamu, katikati ya bahari ya chumvi! Ndiyo maana kuwazingira hakukusaidia kitu.

Nahodha anatuita, maji yanabadilika. Likizo ijayo, Mungu akipenda, nakwenda Gujarat waliko Masidi wengine. Wana ngoma yao ya kumkumbuka walii wao, Bava Gor, na mpaka leo wanaiita goma. Goma, jamani! Nitawarekodia muisikie wenyewe.