Unamwambia Nani? Tawasifu Inapopanda Jukwaani

Swali langu mnalijua. Nimelirudia kila nilipopewa nafasi, na leo nalirudia tena kwa sababu miswada ninayoletewa, ya kugeuza tawasifu, maisha mtu aliyoyaandika mwenyewe, kuwa igizo la mtu mmoja, bado hailijibu: ukisimama peke yako jukwaani, unamwambia nani?

Kitabuni swali hilo halikusumbui. Msomaji hayupo, atasoma akipenda, atakifunika akichoka. Jukwaani watu wamekaa mbele yako wanakutazama. Wasomee kurasa zako kama zilivyo, uone watakavyoanza kukohoa. Na wana haki.

Joan Didion, mwandishi wa Marekani, alifiwa na mumewe, John Gregory Dunne, tarehe 30 Desemba 2003. Walikuwa nyumbani kwao New York, mezani, chakula cha jioni. Kitabu chake cha msiba huo, The Year of Magical Thinking, kikatoka mwaka 2005. Sasa sikilizeni. Kitabu kimekwisha kuandikwa, hakijatoka, binti yao Quintana naye akafariki. Didion hakukigusa tena. Lakini alipokigeuza kuwa igizo la mtu mmoja, lililopanda Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2007, Vanessa Redgrave akiigiza na David Hare akiongoza, kifo cha binti kimo. Na tangu mwanzo mwanamke yule anawageukia watazamaji na kuwaambia kwamba jambo hili litawafika na wao. Hapo ndipo ninapotaka mpaone! Kitabuni anahangaika kuelewa yaliyompata. Jukwaani amekuja kutuonya. Kisa ni kile kile, ila sasa kina mtu wa kuambiwa.

Chukueni viatu. Didion aliweza kutoa nguo za marehemu, alipofika kwenye viatu akashindwa: akirudi atavaa nini? Katika miswada yenu ningekuta chini yake aya nzima ya "nilihuzunika mno, moyo ulinisokota." Futeni! Mwigizaji aseme sababu ya kubakiza viatu, aiseme kama mtu anayeeleza jambo lisilo na ubishi, kisha anyamaze. Anyamaze kweli, asikimbilie sentensi inayofuata. Watu watajua wenyewe.

Kuna atakayesema, mwalimu, hayo ni ya Wamarekani. Haya, mfungueni Shaaban Robert. Alipofiwa na mkewe Amina hakuishia kutusimulia kwamba amefiwa. Alimgeukia Amina mwenyewe akasema naye kwa beti. Na kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, akamweka kitako na kumpa wosia. Mwigizaji atatafuta nini tena? Kuna baba, kuna binti, kuna la kuambiana, na baba anajua hataishi milele. Sisi tumeyafanya ya kukariri kwa ajili ya mtihani, halafu tunalalamika hatuna maigizo ya mtu mmoja! Linaniuma jambo hili.

Naona naonyeshwa saa. Upesi basi. Sauti za mama, daktari, jirani: geuza kichwa, badili kimo cha macho, inatosha, habari ya kubadili kanga na kofia kila mara iacheni. Taa na muziki ni kazi ya mwongozaji, msiviandike. Ndugu walio hai waliomo kisani, waendeeni kabla ya mazoezi kuanza, si usiku wa onyesho. Hilo lilitaka saa nzima.

Wenye miswada sogeeni mbele. Kila mtu achague ukurasa mmoja, amkabili mwenzake, amwambie. Karatasi ziacheni vitini.