Gi Ulilovaa Ni la Kuazima

Haya jamani, walioko kule mlangoni sogeeni, mkeka huu haung'ati. Shikamooni wazee wangu. Masensei wote, walimu wetu, osu. Na wale ambao kwenu hamsemi osu basi habari zenu tu, maana najua humu ndani kuna watu hilo neno peke yake linatosha kuwafanya wafunge begi waende zao, eti sio la Okinawa, ni la vyuo vya Japani, tumeshabishana hilo mpaka chai ikapoa.

Niliambiwa niongelee nidhamu. Nikasema hapana, kila gashuku, kila kambi ya mazoezi, tunaongelea nidhamu na bado watu wanachelewa. Leo naongelea ubishi. Kwa sababu ukitukuta sisi baada ya mazoezi, tumekaa pale nje kwenye matofali, jasho halijakauka, hatuongelei nidhamu hata kidogo. Goju anamuuliza Shotokan, mitindo miwili ya karate hiyo, mbona mnatanua miguu hivyo kama mnapima kiwanja. Shotokan anamjibu na nyie mkifanya sanchin, yale mazoezi yenu ya pumzi, mnapumua kama tairi la baiskeli lenye pancha. Judo anawaambia wote wawili mnapigana na hewa, hewa imewakosea nini. Wa taekwondo wanaambiwa mikono wameisahau nyumbani, wa kung fu wanaambiwa wamejifunzia kwenye kibanda cha video, na bondia anakaa pembeni anakula muhogo wake, akimaliza anajifuta mdomo anasema nyie wote nipeni raundi tatu tu. Kila siku hivyohivyo. Miaka thelathini na kitu nasikia maneno yaleyale na bado yananichekesha.

Mgeni akipita anajua hawa wanachukiana, sasa hivi watakunjana. Alafu anashangaa yule wa tairi la baiskeli na yule wa kupima kiwanja wamepakizana boda moja, begi mapajani, na bado wanabishana.

Mimi nasema huu ni utani bana. Utani kabisa ule wa makabila, sio wa kuchekeshana tu. Si mnajua Wangoni na Wahehe ni watani? Sasa utani wao umetoka wapi? Umetoka vitani. Karne ya 19 wale watu walipigana kweli, mikuki, watu wakafa, alafu leo Mngoni akienda msibani kwa Mhehe anafanya vituko mbele ya jeneza na hakuna wa kumgusa. Utani wa namna ile una kiingilio chake, mnakuwa mmeshapimana nguvu kwanza. Mtu ambae hamjawahi kupimana nae akikwambia kata yako, yani ule mpangilio wa ngumi na mateke unaoufanya peke yako, ni ngoma ya mganda, huyo hajakutania, kakutukana.

Niwape kisa changu. Zamani kidogo, nina mkanda wa kahawia, yani kile kipindi ambacho mtu wa karate ni hatari kuliko vipindi vyote kwa sababu anajua kila kitu. Kulikuwa na jamaa wa judo, siwatajii jina lakini yupo humu ndani ananiangalia na anajua ni yeye. Tulikuwa tunabishana mwezi mzima. Mimi nasema hunifikii, kabla hujanishika nimeshakupiga tatu. Yeye anasema tatu utapiga, ya nne utapigia ukiwa chini. Siku ya siku akasema basi njoo Jumamosi. Nikaenda na gi langu jipya, yani vazi letu la mazoezi, nililishonesha kwa fundi kwa kitambaa cha marekani, limepigwa pasi mstari unakata kidole.

Kwao mkeka wenyewe ulikuwa turubai limetandikwa juu ya maranda ya mbao. Nikainama, akainama. Nikarusha ngumi ya kwanza, nikampata, hapa kwenye kifua, na mpaka leo hakatai. Ya pili nikampata nusunusu. Ya tatu nikasikia chrrrr. Alishanikamata mkono wa gi karibu na kiwiko na alikuwa anazunguka, na mimi badala ya kuangalia ananifanya nini nikawa naangalia gi langu linavyochanika begani, wallahi nilikuwa nawaza hela ya fundi. Kilichofuata naona paa. Bati lilikuwa na tundu moja dogo na jua limepita palepale linanipiga jichoni. Nimelala nalitazama lile tundu, pumzi haiji, na maranda yamenukia kabisa kama kwa seremala. Juu yangu ikaja sura yake, haina furaha wala nini, imejaa wasiwasi, ananiuliza kaka umeumia? Mwezi mzima tumetukanana, na neno la kwanza baada ya kuniangusha ni kaka umeumia.

Alafu akaniambia kitu ambacho ndo nimekibeba mpaka leo. Akashika ile nguo iliyochanika akasema, hili vazi lenu mlilichukua kwetu, mkalipunguza uzito, ndo maana linachanika.

Nikadhani ananitambia. Nikaenda kusoma, kumbe kweli bana.

Mwaka 1922 mwalimu mmoja wa shule kutoka Okinawa, Gichin Funakoshi, alienda Tokyo kuonyesha karate. Mtu mzima huyo, alizaliwa 1868, hesabu mwenyewe. Karate wakati huo huko bara la Japani hawaijui, ni kitu cha visiwani huko, cha watu wa mbali. Na Tokyo wakati huo mwenye mji kwenye mambo haya ni Jigoro Kano, aliyeanzisha judo 1882, mtu mkubwa, tayari ni mjumbe wa kamati ya Olimpiki ya dunia tangu 1909. Angeweza kabisa kusema huyu mshamba na ngumi zake anatuletea nini. Badala yake akamwalika Kodokan, makao yake ya judo, aje awaonyeshe wanafunzi wake. Na Funakoshi akabaki Tokyo. Kule Okinawa watu walikuwa wanafanya mazoezi na nguo zozote, wengine kifua wazi, hakuna gi, hakuna mkanda mweusi wala wa kijani. Gi ikatoka judo. Mikanda na madaraja ya dan ikatoka judo, 1924 Funakoshi akatoa dan za kwanza za karate. Kwa hiyo wewe unaesimama hapa na mkanda mweusi kiunoni unamwambia mtu wa judo mchezo wenu ni wa kukumbatiana, angalia kwanza umefungwa na nini.

Kano huyohuyo, alipomwona Ueshiba wa aikido, sanaa nyingine ya Kijapani ya kujilinda, alipeleka wanafunzi wake wakajifunze huko. Mwenye chama chake mwenyewe anapeleka vijana kwa mwingine! Leo hapa mjini mwanafunzi akionekana dojo la pili, yani ukumbi wa mwalimu mwingine, anaitwa msaliti, na kuna sensei mmoja, simtaji, alinifutia mtihani kwa sababu ya lile gi lililochanika, eti nimechanikia wapi.

Lakini nisiwadanganye kwamba wazee walikuwa malaika. Walibishana na wao. Funakoshi hakuyapenda mashindano, yeye kwake kata ndo karate yenyewe. Akafariki 1957, na mwaka uleule wanafunzi wake wa JKA, chama cha karate cha Japani, wakaandaa mashindano ya kwanza ya Japani nzima. Kaburi halijaota majani. Na wengine wa kwake waliokataa wakaenda njia yao, na mpaka leo ndo maana ukisema Shotokan, mtindo wake huyo Funakoshi, inabidi uulizwe Shotokan ipi.

Na huo ubishi wa mashindano haujaisha, hautaisha. Mnakumbuka Tokyo, ile Olimpiki ya 2020 iliyofanyika 2021? Fainali ya wanaume wazito. Tareg Hamedi wa Saudia na Sajad Ganjzadeh wa Irani. Msaudia anaongoza nne kwa moja. Anarusha teke la juu, linafika, Muirani anaanguka amezimia, anatolewa kwa machela. Marefa wanakaa, wanajadili, wanamtoa Msaudia kwa kupiga bila kudhibiti. Yani aliebebwa kwenye machela akazinduka ni bingwa wa Olimpiki, na aliesimama wima analia na fedha yake. Kijiwe chetu kiligawanyika nusu kwa nusu wiki mbili nzima. Mimi nilikuwa na marefa, sheria ni sheria, karate ya pointi unaonyesha kwamba ungeweza, sio kwamba umeweza. Ila kumweleza mke wangu nilishindwa, aliniuliza mara tatu, sasa nani kapigwa? Lakini yule Muirani mwenyewe alisema amefurahi dhahabu ila anasikitika kuipata kwa namna ile. Anaemwelewa Hamedi kuliko watu wote ni yule aliyepigwa teke. Na alafu Paris 2024 karate yenyewe ikaachwa nje, tukabaki wote tunabishana juu ya nyumba ambayo tumeshatolewa vyombo.

Sasa kisa nachokipenda kuliko vyote sio hata cha karate. Rio de Janeiro, Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã, palepale ambapo mwaka mmoja nyuma Brazil nzima ililia baada ya kufungwa na Uruguay Kombe la Dunia. Familia ya Gracie ilikuwa na jiu-jitsu yao, mbegu yake ilitoka judo, kwa Mjapani Mitsuyo Maeda aliyefika Brazil 1914. Wameilea, wameibadilisha, wanajigamba hakuna wa kuwafunga. Japani anakuja Masahiko Kimura, bingwa wa judo, pande la mtu. Wa familia anaingia Hélio Gracie, mwili mdogo kabisa mbele yake. Kimura anamrusha, anamrusha tena. Raundi ya pili akaupata mkono wa Hélio, akaukunja kwa nyuma, kile kifungo wanakiita ude garami. Hélio hagongi, yani hapigi kiganja kukubali kushindwa. Wale mnaojua mnajua, ukigonga mchezo umeisha, hakuna aibu. Hagongi. Mkono ukavunjika. Bado hagongi. Kaka yake Carlos ndo akaokoa, taulo likarushwa.

Sasa subirini. Mtu kaja kwenu, kamvunja ndugu yenu mkono mbele ya maelfu. Nyie mngefanyaje? Najua sisi tungefanyaje, tungesema refa kanunuliwa, tungesema yule ni mzito, tungeunda chama kipya. Wale wakakichukua kile kifungo wakakiita kimura. Leo nenda gym yoyote ya jiu-jitsu duniani, mtoto wa miaka tisa anamwambia mwenzie leo nimekupiga kimura, na hajui kwamba anatamka jina la aliyewashinda. Kwenye judo yenyewe bado ni ude garami tu, jina la Kimura limetunzwa na watu aliowavunja mkono.

Huo ndo utani nnaousema. Sina zaidi.

Aa, kuna Ali na Inoki, hicho kifupi. Tokyo, Juni 1976, Muhammad Ali bondia na Antonio Inoki wa mieleka. Raundi 15, Inoki karibu zote kalala chali anampiga Ali mateke ya miguu, Ali anazunguka hajui aanzie wapi, wakatoka sare, watazamaji wakawaka. Pambano bovu mno, niliangalia mara mbili nikasinzia mara mbili. Lakini miguu ya Ali ilivimba vibaya, na baada ya hapo hao wawili wakawa marafiki mpaka 1998 Inoki anastaafu, Ali akaenda kumuaga. Na wimbo wa Inoki wa kuingilia ulingoni aliupata kwa Ali, una ile bomaye ndani yake, yani muue, Kilingala cha Kinshasa 1974, kelele za watu wa Zaire wakimshangilia Ali alipopigana na Foreman. Mjapani anaingia ulingoni Tokyo kwa Kilingala! Nani angepanga kitu kama hicho?

Sasa mniruhusu niseme na pale ambapo hatuelewani kweli, maana sio kila ugomvi ni utani. Kwenye vyeti na hela. Nimeona dojo zima linakatika vipande viwili kwa ajili ya ada ya mtihani, watu waliokuwa wanachangia ndoo moja ya maji ya kuoga hawasalimiani, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzie tukutane mkekani Jumamosi. Hapo mkeka haukuhusika. Ndo maana haukuweza kusaidia.

Nimalizie na jamaa yangu wa judo. Baada ya ile siku alinifundisha kuanguka. Miezi miwili kuanguka tu, mbele, nyuma, pembeni, unapiga chini kwa mkono mzima, kidevu kifuani. Na mimi nikamfundisha kukaa mbali na ngumi, maana ile ya kwanza ilimwingia vizuri asiwadanganye. Mwaka juzi mvua imenyesha, niko kwenye boda, kona, tope, pikipiki ikaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Hewani kule sikuwaza kata hata moja. Nilipiga lami kwa mkono mzima, kidevu kifuani, nikabingirika, nikasimama. Kiwiko kimechubuka, basi. Dereva ananiangalia kama kaona jini. Na simu ya kwanza sikumpigia mke wangu, na yupo hapa leo atanisamehe, nilimpigia yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniuliza, ulipiga chini kwa mkono gani? Nikamwambia wa kulia. Akasema umekosea, ulianguka kushoto.

Na lile gi ninalo, ndo hili. Bega alilishona mke wa huyohuyo jamaa wa judo, jioni ileile niliyoangushwa, uzi mweupe uliisha akamalizia na mweusi, si mnaona. Haya, chai ipo nje na maandazi, saa nne kamili tunaanza, na yule aliyesema hapo nyuma kwamba karate ni ya kupiga picha nimekusikia mdogo wangu, wewe ndo wa kwanza.