Salalah msimu wa kusi: hoteli ya ufukweni na soko la ubani

RUKIA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu, karibuni tena. Mimi Rukia, na mwenzangu Hamadi huyu hapa, kaja na kahawa yake ya tangawizi peke yake kama kawaida.

HAMADI: Waalaykum salaam. Kahawa ukiitaka ungesema mapema. Haya, dada Rukia, umerudi Oman na familia nzima, mpaka mkwe. Watu wanauliza: mwezi wa saba, na watoto, hamkuungua?

RUKIA: Ungekuwa Muscat ungeungua kweli, nyuzi 40 kule mwezi wa saba ni kawaida. Sisi tulikwenda Salalah, kusini kabisa, mkoa wa Dhofar, huko upande wa Yemen. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ni msimu wao wa khareef. Ukungu, manyunyu kutwa, nyuzi kama 25, milima kijani kibichi. Watu wa Ghuba wanakuja na magari yao, wanatandika mikeka majanini, mvua inawanyeshea na birika la chai liko katikati. Hawaondoki ng'o!

HAMADI: Na upepo unaoleta hayo ni kusi hii hii yetu. Ukifika pwani ile unayasukuma maji ya juu, yale ya vuguvugu, yakaenda mbali, na ya chini ya baridi yakapanda. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa, inageuka ukungu, unakwama milimani. Ndiyo maana ukivuka mlima tu, upande wa pili ni jangwa. Majahazi yetu yalikuwa yakipanda Arabuni na kusi. Hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa zamani, alipotoka Kilwa mwaka 1331, alikwenda kushuka Dhofar.

RUKIA: Sasa kusi hiyo hiyo ndiyo inayokukosesha bahari, na hili kwenye matangazo ya mahoteli hulioni. Picha ni ufukwe mweupe na maji yametulia. Ukifika Julai, mawimbi yanapasuka kama ngoma, bendera nyekundu inapepea, hakuna anayetia mguu. Watoto wangu walisimama kwenye uzio wanaiangalia bahari, halafu wakarudi kwenye bwawa.

HAMADI: Basi hoteli ya ufukweni ya nini? Si bora nyumba ya kupanga mjini?

RUKIA: Kwa watoto hoteli ina faida yake. Bwawa, nafasi ya kukimbia, vyumba viwili vyenye mlango katikati, na mkwe anapata pa kukaa bila kupanda ngazi. Ninachosema ni hiki: lipia kulala na chai ya asubuhi, basi. Ule mpango wa kulipia kila mlo, achana nao.

HAMADI: Hapo sikubaliani. Mimi nina watoto wanne, dada. Kila saa mbili mmoja ana njaa. Chakula kishalipiwa, natulia, situmii kikokotoo mezani.

RUKIA: Kaka Hamadi, mchana hupo hotelini! Umekwenda Wadi Darbat kuona maporomoko, au Al Mughsail kutazama maji yanavyoruka kwenye matundu ya mwamba. Ule wali uliolipia wanakula nani? Na jioni wanakupa makaroni na kuku wa kukaanga, wakati nje barabarani moshi wa mishkaki umetanda. Kuna nyama wanaiita madhbi: wanawasha moto, wanatandaza mawe, yakishika moto wanaiweka nyama juu yake. Inatoka imekauka nje, ndani laini. Mkwe wangu ambaye hasifu kitu alisema, "Hii nyama."

HAMADI: Maneno mawili tu?

RUKIA: Kwake hayo ni hotuba. Halafu kando ya njia kuna vibanda vya madafu, ndizi, mapapai, mashamba yenyewe yako nyuma yake. Wageni wa kutoka Riyadh wanapiga picha dafu kama kitu cha ajabu. Watoto wangu wakaniuliza, "Mama, hapa si Mwera, Unguja?"

HAMADI: Twende sokoni sasa.

RUKIA: Al Haffa. Nenda baada ya alasiri, asubuhi na jioni ndiyo wanafungua, mchana wanapumzika. Ukifika, harufu inakupokea kabla ya maduka. Ubani kwenye magunia, kwenye makopo, na vyetezo vya udongo vimepakwa rangi nyekundu na buluu, vimepangwa mpaka nje. Tukakaa kwa mama mmoja wa Kidhofari, kavaa barakoa, kiganjani ana kalamu ya hina. Mimi nikashika fungu la kwanza, punje za njano. Mkwe akanipiga mkono.

HAMADI: Mbele za watu!

RUKIA: Mbele za watu. Akachukua punje moja kubwa kutoka kopo la nyuma, akainua kwenye taa. Ilikuwa nyeupe inayokwenda kijani, mwanga unapita. Ndio Hojari huo, ndio wa juu, unatoka kwenye miti ya upande mkavu, nyuma ya milima ile. Ule wa njano na wa kahawia ni wa kufukizia tu, bei yake iwe chini. Na ubani wa Somalia nao upo pale. Si mbaya, lakini usiuziwe kwa bei ya Hojari.

HAMADI: Bei ikawaje?

RUKIA: Akaanza riali kumi kwa kopo. Mkwe Kiarabu chake ni cha chuoni, lakini kwenye bei kilitosha. Akasema sita. Yule mama akacheka, akatia punje kwenye makaa, akamsogezea moshi mkwe afukize mtandio. Wakaingia kwenye habari za wajukuu. Tukatoka kwa riali saba na chetezo kidogo juu yake.

HAMADI: Na mjue riali moja ni dola 2.6, imegawika baisa elfu moja. Ukisikia "mia tano" ujue ni nusu riali, usifikiri ni shilingi.

RUKIA: Hasa. Duka la hotelini nililikuta kopo kama lile, limefungwa utepe, mara tatu ya bei.

HAMADI: Ibn Battuta alilisema vibaya soko lao, ati inzi wengi, kwa sababu ya matunda na samaki. Na akashangaa wanyama wanalishwa dagaa.

RUKIA: Inzi sikuwaona. Dagaa bado wanalishwa ng'ombe na ngamia, hilo nimeliuliza. Na ngamia mkiwakuta wamelala katikati ya barabara, punguzeni mwendo, msipige honi. Kwenye ukungu wa mlimani unamwona akiwa ameshafika kwenye boneti. Sisi tulikutana nao tukielekea kaburi la Nabii Ayub, mkwe alitaka ziara.

HAMADI: Msikilizaji wa Mombasa anauliza, hoteli kipindi hicho si ghali?

RUKIA: Ghali, maana Ghuba nzima iko pale. Mwishoni mwa Septemba bei inashuka, ukungu umeondoka na majani bado yapo.

HAMADI: Skuli je?

RUKIA: Ndiyo hapo. Basi nendeni Desemba, bahari imetulia, watoto wataogelea. Milima mtaikuta imekauka na maporomoko ya Darbat huenda msiyaone. Mkwe wangu yeye kashasema ubani upo mwaka mzima, na Desemba anataka kwenda.