Mvua Sahihi, Unyevu Usio Sahihi

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie mvua katika modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga angahewa ya dunia, lakini muda mwingi nitautumia kwa kitu kisichoonekana kwa macho: mvuke wa maji. Modeli ikikosea mvuke, mimi mvua yake siiamini, hata kama jumla ya milimita za mwaka imelingana na vipimo.

Mvuke wote ulioko angani ukigeuzwa maji na kutandazwa juu ya dunia nzima, utapata tabaka la milimita 25 hivi tu. Tena haukai: maji yanayovukizwa leo hurudi chini, kwa wastani, baada ya siku nane hadi kumi. Akiba kubwa iko ukanda wa tropiki, ambako safu ya hewa hufikia milimita 50 au 60, na huko ndiko modeli zinakoumbuka zaidi.

Modeli nyingi za dunia nzima hugawa angahewa katika visanduku vyenye upana wa kilomita 100 hivi. Wingu la radi lina kilomita chache, kwa hiyo modeli hailioni, inalikisia kwa kanuni. Sasa chukueni safu mbili za hewa, kila moja ina milimita 40 za mvuke. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mvuke imerundikana kilomita mbili za chini, na juu yake pakavu. Katika ya pili, mvuke umesambaa hadi kilomita tano au sita. Kule kwa kwanza hewa inayopanda huchanganyika na hewa kavu ya pembeni, vitone vinavukizwa, wingu linadumaa. Kwa pili wingu linapaa na mvua inamwagika. Jumla ni ile ile, matokeo ni mbingu na ardhi.

Kanuni nyingi haziujali vya kutosha ukavu huo wa katikati. Ardhi ikipata joto kidogo, modeli inaona wingu limeiva. Ndiyo maana huinyeshea nchi kavu karibu na saa sita mchana, ilhali mvua halisi ya radi mara nyingi huja alasiri au jioni. Hunyesha pia manyunyu mara nyingi mno, na mvua kubwa zinapungua. Jumlisha manyunyu hayo mwezi mzima, hesabu inaweza kukaa sawa kabisa! Mhandisi wa madaraja akiichukua, atajenga daraja la mto usiofurika.

Na kosa hilo hujilisha lenyewe. Mvuke unapogeuka maji hutoa joto: kila milimita moja ya mvua kwa siku ni karibu wati 29 kwa kila mita ya mraba. Joto hilo husukuma pepo, pepo huleta mvuke mwingine. Mvua ikikaa pasipo pake, na pepo nazo hupotoka. Kwa miongo kadhaa modeli zimekuwa zikichora mkanda wa pili wa mvua kusini mwa Ikweta katika Pasifiki, mrefu na mzito kuliko ule halisi.

Wapo wanaosema tuyarekebishe matokeo tu, tuzidishe kwa namba fulani yafanane na vipimo. Huko ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Kwa kila digrii moja ya joto, uwezo wa hewa kubeba mvuke huongezeka kwa asilimia 7 hivi, lakini wastani wa mvua duniani huongezeka kwa asilimia 2 au 3 tu, kwa sababu unabanwa na nishati ambayo angahewa inaweza kuipoteza. Namba inayofaa leo haina dhamana kesho.

Mwaka 2024 mwanasayansi wa tabianchi Isla Simpson na wenzake walilinganisha modeli na vipimo vya tangu 1980. Katika maeneo makavu, modeli zinaonyesha mvuke ukiongezeka kadiri joto linavyopanda. Vipimo havionyeshi ongezeko hilo. Huenda modeli ni karimu mno kwa mvuke unaotoka kwenye udongo na mimea, au zinabeba mno ule wa baharini. Vyovyote iwavyo, hewa kavu kuliko ilivyokadiriwa hula matone kabla hayajafika chini na huongeza hatari ya moto wa nyika.

Basi mkiletewa ramani ya mvua za mwaka 2050, ombeni na ramani ya mvuke wa miaka iliyopita, iliyolinganishwa na vipimo vya maputo na setelaiti, ngazi kwa ngazi kwenda juu. Asiyekuwa nayo mwambieni akaitafute kwanza.