Kukimbia au kubeba vyuma: kilo zinatoka wapi?

TATU: Karibuni tena. Mimi Tatu, kocha wa mazoezi, niko hapa Dar es Salaam. Na huyu mwenzangu mnamjua.

GERVAS: Gervas, mhasibu mwenye kitambi. Msinicheke, kazi yetu ni ya kukaa.

TATU: Leo tuna ujumbe kutoka Morogoro. Dada anasema ana miaka 41, kilo 88, anakaa ofisini kutwa. Nafasi aliyonayo ni saa moja, mara tatu kwa wiki. Anauliza: ili kupunguza mafuta akimbie, au abebe vyuma? Halafu kuna rafiki yake anamtisha kwamba vyuma vitampa mabega ya kiume.

GERVAS: Akimbie. Swali lingine.

TATU: Wewe nawe! Na mabega je?

GERVAS: Hayo nakuachia.

TATU: Mabega hayo hayaji kwa bahati mbaya, dada yangu. Homoni inayojenga misuli mikubwa wanaume wanayo nyingi kutuzidi sana sisi. Wanawake unaowaona na mabega yale wameyatafuta kwa miaka, na chakula wamepima. Hilo liondoe kichwani.

GERVAS: Sasa kukimbia. Mimi siku nikikimbia nalowa chapachapa. Nikibeba vyuma, shati linabaki kavu. Sasa mafuta yanatoka wapi?

TATU: Jasho ni maji, Geva. Ukinywa chupa mbili yamerudi. Wale wanaojifunga nailoni tumboni jua la saa tatu pale Coco Beach wanapoteza maji tu, na wengine wanaishia kuzimia. Lakini ngoja, kwenye hoja yako ya kukimbia nitakupa haki yako, ingawa inaniuma, maana mimi nakula kwa vyuma.

GERVAS: Hebu semeni, kocha.

TATU: Chuo Kikuu cha Duke, kule North Carolina, walitoa utafiti mwaka 2012. Watu 119 walifika mwisho, wote uzito umezidi, wote hawakuwa wa mazoezi. Miezi minane. Kundi moja walifanya mazoezi ya pumzi, yale ya kukuhemesha kama mbio, sawa na kukimbia kama kilomita 19 kwa wiki. La pili vyuma, siku tatu kwa wiki. La tatu vyote viwili. Wakimbiaji walipoteza mafuta kilo 1.66 kwa wastani. Wa vyuma, robo kilo.

GERVAS: Robo! Kama nyama ya kubandika na maharage!

TATU: Na wakimbiaji walitumia dakika 133 kwa wiki, wa vyuma dakika 180. Kwa hiyo kwa muda aliotumia mtu, mbio zilishinda waziwazi.

GERVAS: Tufunge kipindi, jamani. Nimeshinda.

TATU: Rudia hiyo namba kwanza. Miezi mingapi?

GERVAS: Minane.

TATU: Kilo ngapi?

GERVAS: Moja na... Aah. Kilo moja na nusu hivi.

TATU: Miezi minane ya kuamka na kukimbia. Hata waliofanya vyote viwili, ambao muda wao ulikuwa karibu mara mbili, walifika kilo 2.44. Kwa nini? Hakuna aliyewaambia wapunguze kula.

GERVAS: Hapo mhasibu anaelewa. Matumizi yameongezeka, mapato nayo yameachwa yaingie tu.

TATU: Tena piga hesabu. Huyu dada wa kilo 88 akikimbia kilomita tano anachoma kalori 400 na kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Na klabu yenu ya jogingi Jumapili mkimaliza mnakwenda wapi?

GERVAS: Usiniingize huko.

TATU: Wapi?

GERVAS: Supu. Supu na chapati mbili. Lakini ile ni kwa ajili ya umoja wa klabu, Tatu! Mtu huwezi kukimbia na wenzako huku mnaimba, halafu uwaache mezani.

TATU: Chapati moja kubwa ya mafuta inaweza kufika kalori 300. Mbili zimeshameza mbio zote, na supu sijaigusa, soda sijaigusa. Kula na wenzako, ila kula moja.

GERVAS: Lakini si mtu akizidisha kukimbia atafika tu? Akikimbia kila siku?

TATU: Hapo kuna habari ya nyumbani kwetu kabisa. Wahadzabe, wale wa ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa siku. Walinyweshwa maji maalumu ambayo atomi zake zinaweza kufuatiliwa, halafu mkojo ukapimwa kwa siku kadhaa. Wanaume wanatembea wastani wa zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu sita. Ungetegemea nini?

GERVAS: Kwamba wanachoma mara mbili ya mimi ninayeshinda kwenye kiti.

TATU: Ukishazingatia ukubwa wa mwili, jumla yao kwa siku haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wa maisha ya mjini. Hiyo ilitoka mwaka 2012.

GERVAS: Aisee. Haiwezekani.

TATU: Na mimi nilisoma mara mbili. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea shughuli nyingi unabana matumizi kwingine, ndani kwa ndani. Wanasayansi bado wanabishana unabana kiasi gani. Ila Mhadzabe hana kitambi, na hilo lina uhusiano mkubwa na kinachoingia mdomoni.

GERVAS: Basi mazoezi yote ni bure? Maana sasa unanivunja moyo.

TATU: Hapo ndipo ninapopenda vyuma. Tuseme chakula amekishika, kilo zinashuka. Zinashuka kutoka wapi? Mizani haisemi. Inaweza kuwa mafuta, inaweza kuwa misuli. Mwaka 2017 jarida la New England la madaktari lilichapisha utafiti wa wazee 160 wenye unene, kuanzia miaka 65. Makundi matatu yalipunguza kula pamoja na mazoezi: moja mazoezi ya pumzi, moja vyuma, moja mchanganyiko. Baada ya miezi sita wote walipungua asilimia 9 ya uzito. Sawasawa.

GERVAS: Kwa hiyo hakuna tofauti.

TATU: Kwenye mizani. Ndani, waliofanya mazoezi ya pumzi peke yake walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta, ambao sehemu kubwa ni misuli. Wa vyuma, asilimia 2. Mchanganyiko, 3. Na kwenye kipimo cha uwezo wa mwili, mambo kama kuinuka kwenye kiti na kupanda ngazi, mchanganyiko waliongezeka asilimia 21, makundi mengine 14.

GERVAS: Mama yangu ana miaka 70. Kuinuka kwenye mkeka kwake ni mradi.

TATU: Huyo ndiye ninayemfikiria mimi kila mtu akiniuliza habari ya kitambi. Misuli ukiipoteza ukiwa mtu mzima, kuirudisha ni kazi.

GERVAS: Na si wanasema misuli inachoma mafuta hata ukiwa umelala?

TATU: Makocha wenzangu watanichukia leo. Inachoma, ila kilo moja ya misuli iliyotulia ni kama kalori 13 kwa siku. Ukiongeza kilo tatu, ambazo zitakutoa jasho miezi mingi, umepata kama 40. Hizo hazifiki hata ndizi moja ndogo. Mwenye jimu akikuuzia uanachama kwa hoja hiyo, mwombe punguzo.

GERVAS: Haya, dada wa Morogoro yuko kwenye simu anasubiri. Afanye nini?

TATU: Kama ana presha, sukari, au magoti yanamsumbua, amwone daktari kwanza, hasa kama anatumia dawa. Baada ya hapo, saa mbili kati ya zile tatu aziweke kwenye vyuma.

GERVAS: Mbili? Na Duke umewasikia wewe mwenyewe!

TATU: Duke walipima watu wasiobadilisha chakula. Huyu nataka abadilishe: wali upungue sahani, maharage, dagaa na mayai viongezeke, soda iondoke. Chakula kitashusha kilo. Kazi ya mazoezi iwe kuhakikisha kinachoshuka ni mafuta.

GERVAS: Mimi ningempa mbio mbili, vyuma moja. Kukimbia kuna raha, na mtu atadumu na kitu chenye raha. Vyuma wengi wanaacha mwezi wa pili.

TATU: Kama raha yake ni kukimbia, sigombani. Ila kwa kilo 88 na hajazoea, asianze kwa kukimbia. Atembee kwa kasi, ile ya kuongea unaweza lakini kuimba huwezi. Saa ya tatu iwe ya hiyo, na siku nyingine ateremke daladala kituo kimoja kabla. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku mbili za kukaza misuli. Watu husikia ile 150 tu.

GERVAS: Na jimu kama hana?

TATU: Ana kiti: akae na kuinuka polepole bila kushika popote. Ana ukuta: pushapu za kusimama, baadaye za mezani, baadaye za chini. Ana begi: atie kilo tano za mchele, aliinamie na kulivuta kuelekea kiunoni. Ana dumu: atembee nalo uani, mkono mmoja mmoja. Kanuni ni kwamba yale marudio mawili matatu ya mwisho yawe magumu kweli. Siku ikiwa rahisi, aongeze mchele.

GERVAS: Na apime vipi?

TATU: Futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, mara moja kila wiki mbili, asubuhi.

GERVAS: La mwisho kutoka kwangu. Pale klabuni wanasisitiza kukimbia alfajiri bila kula, kwamba ndiyo mafuta yanayeyuka.

TATU: Ilijaribiwa. Utafiti wa mwaka 2014, wanawake vijana 20, wote kwenye mpango wa kula pungufu. Nusu walifanya mazoezi wamefunga, nusu wamekula. Wiki nne, mafuta yaliyopotea hayakutofautiana. Ni utafiti mdogo na mfupi, lakini faida ile kubwa wanayoihubiri haikuonekana.

GERVAS: Kwa hiyo chai kabla ya mbio naruhusiwa?

TATU: Unaruhusiwa. Sukari umetia vijiko vingapi?

GERVAS: Tunaishia hapo, wasikilizaji. Wiki ijayo tunazungumzia usingizi.

TATU: Geva. Vingapi?

GERVAS: Vinne.