Kusi Ikivuma, Mvua Huenda Wapi?

NEEMA: Karibuni tena jamani. Niko na kaka Salim, ambaye wiki nzima ananitumia picha za bahari iliyochafuka.

SALIM: Huku Nungwi, Unguja, sasa ni kusi tupu, ule upepo wa kutoka kusini, dada. Ngalawa zimevutwa juu mchangani. Ami yangu anashinda barazani anashona nyavu.

NEEMA: Hapo ndipo mimi mtu wa Dodoma ninapochanganyikiwa. Upepo unatoka baharini, una unyevu kibao, halafu Juni mpaka Agosti mvua haba. Inakuwaje?

SALIM: (anacheka) Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, upepo hawakuutaja. Kusi kwetu hupita sambamba na pwani, mbio mbio, kama basi lisilosimama vituoni. Hewa inatawanyika badala ya kupanda, na isipopanda hakuna wingu la maana. Ikivuka ikweta, kwa sababu dunia inazunguka, inapinda kulia, inapita Somalia, inakwenda kumwaga mzigo Bara Hindi. Kerala, kusini mwa India, wanaingojea kama tarehe 1 Juni kila mwaka.

NEEMA: Kumbe sisi tunapitwa tu!

SALIM: Ndiyo hivyo. Na kaskazi, ile ya Desemba hadi Machi, inatoka upande wa Uarabuni. Zamani ilituletea majahazi kuliko mvua. Ikigeuka kusi, manahodha walirudi kwao Muscat.

NEEMA: Basi masika yanatoka wapi?

SALIM: Katikati ya zamu za pepo hizo mbili. Mabaharia wanaita maleleji, au tanga mbili. Jua liko karibu na ikweta, na ukanda wa mvua, pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na kusukumana juu, unatupitia. Ukielekea kaskazini, Machi hadi Mei, ni masika. Ukirudi, Oktoba hadi Desemba, ni vuli.

NEEMA: Na sisi wa Dodoma?

SALIM: Nyinyi Januari na Februari umewakalia vichwani, kwa hiyo mna msimu mmoja. Songea na Mbeya vilevile.

NEEMA: Vuli ya 2019 je? Ile ilikuwa balaa.

SALIM: Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, unyevu ukasukumwa huku. Hata 1997 ilikuwa hivyo, na El Niño, lile joto la bahari ya Pasifiki, juu yake. Ndiyo maana mtu akinitabiria vuli kwa kutazama Pasifiki peke yake, namsikiliza kwa sikio moja.

NEEMA: Haya, na ile habari ya Salalah uliyoniahidi?

SALIM: Aa, hiyo ndiyo tamu! Shangazi yangu anaishi huko, Dhofar, kusini mwa Oman. Kusi hii hii iliyomfungia ami nyumbani, ikifika kule inayasukuma maji ya juu yaende mbali na ufuo, na maji baridi yanaibuka kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya baridi hiyo inageuka ukungu na manyunyu, milima inauzuia usipite. Wanauita kharifu. Nyuma ya milima jangwa linaungua, huku mbele majani mabichi, ng'ombe wanalisha, watu wamejaa na mahema. Kila Julai shangazi anatutumia video.

NEEMA: Na ami akiziona anasemaje?

SALIM: Anasema huo upepo ni wake, dada yake amrudishie.